Uhuru wa dini usiishie langoni mwa shule: barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na kwa makanisa yanayofadhili shule za Magharibi

Kwa Waziri wa Elimu, Mwanasheria Mkuu, wakurugenzi wa elimu wa kaunti za Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega na Homa Bay, na kwenu maaskofu, wachungaji na mashehe ambao taasisi zenu za dini zinafadhili shule katika eneo hili.

Waheshimiwa, nawasalimu.

Mimi ni mzazi, na ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea hapa Manyatta, Kisumu. Kazi yangu ni kukaa na wazazi walioandikiwa barua na shule, kuwasomea, kuwaeleza sheria inasema nini na kuwasaidia kujibu. Barua nyingi ni za karo. Lakini kuna nyingine, zinazoongezeka kila muhula unapofunguliwa, zinazosema tu kwamba mwanafunzi amekaidi kanuni za shule na arudi na mzazi. Kanuni yenyewe haitajwi. Mzazi akifika ofisini ndipo anaelezwa kwa mdomo: mtoto alikataa kupokea komunyo, au hakuja darasani Jumamosi, au amefunika kichwa, au hakuimba kwenye ibada. Akiomba maelezo hayo yaandikwe kwenye karatasi, hapewi.

Ninachowaomba kinatekelezeka. Uhuru wa dini ambao makanisa yetu yanaudai kwa serikali ndio huohuo ambao mtoto anaudai kwa shule inayofadhiliwa na kanisa. Kifungu ni kimoja. Kanisa likikisoma kwa sauti mbele ya Bunge lakini likakifumba mbele ya mtoto wa Kidato cha Tatu, basi kanisa hilo halijakisoma.

Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikira na imani. Kinampa haki ya kuidhihirisha imani hiyo peke yake au pamoja na wenzake, hadharani au faraghani, kwa kuabudu, kufundisha na kuadhimisha, na kinataja waziwazi siku ya ibada. Kinakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya dini yake. Halafu kinaongeza kwamba mtu asilazimishwe kutenda jambo linalopingana na imani yake. Kifungu cha 8 kinasema Kenya haina dini ya taifa. Shule ya umma, hata ikiwa na msalaba juu ya lango na jina la mtakatifu kwenye beji, ni shule ya umma. Walimu wake wameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu kwa kodi ya Mwislamu, Mkatoliki, Msabato, Mrasta na asiye na dini.

Najua makanisa yana uchungu hapa, na uchungu huo una msingi. Shule hizi hazikuota zenyewe. Wamisionari wa Marafiki, yaani Quaker, walifika Kaimosi mwaka 1902. Maseno ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906, na mwaka huohuo Waadventista wakaingia Gendia karibu na Kendu Bay. Wamisionari wa Mill Hill walijenga Yala. Waumini wa vijiji hivyo walibeba mawe kichwani, wakatoa ardhi ya ukoo, wakachanga mayai na kuku ili mwalimu alipwe. Kisha Sheria ya Elimu ya 1968 ikayageuza makanisa kutoka wasimamizi wa shule hadi wafadhili. Wazee wengi wa kanisa hawajalisahau jambo hilo, na sitegemei walisahau. Jasho lao lipo kwenye kuta hizo.

Lakini sheria haikuwaacha mikono mitupu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 27, inampa mfadhili nafasi ya kutoa maoni kuhusu mtaala na vitabu, kuwakilishwa katika bodi ya usimamizi, kushauri katika mambo ya kiroho na kumteua kasisi wa shule kwa gharama yake mwenyewe. Sehemu ya 56 inawapa wafadhili viti vitatu kwenye bodi. Kisha kuna maneno ambayo sijamsikia mwanabodi yeyote akiyanukuu katika mikutano ambayo nimewasindikiza wazazi: kwamba mfadhili atadumisha malezi ya kiroho huku akilinda madhehebu na dini za wengine. Kulinda ni jukumu alilopewa na sheria. Anayekalia kiti cha mfadhili kwenye bodi amekabidhiwa pia mtoto asiye wa kanisa lake, na siku mtoto huyo anapoitwa mbele ya bodi, mwakilishi wa askofu ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuuliza kama imani yake imeheshimiwa.

Na tukitazama ramani yetu wenyewe, hakuna kanisa hapa ambalo lingepoteza chochote kwa kufanya hivyo. Eneo letu lina jambo ambalo watu wa sehemu nyingine hawana: kila dhehebu ni kubwa mahali fulani na dogo mahali pengine, na umbali kati ya mahali hapo pawili ni nauli ya matatu. Mquaker wa Kaimosi ni mwenyeji kwao. Mpeleke mwanawe Yala, atakuwa mgeni kati ya Wakatoliki. Mkatoliki wa Yala akipata nafasi Kendu Bay, atajikuta kati ya Wasabato. Mumias, ambako Nabongo Mumia mwenyewe alikuwa Mwislamu, mtoto Mkristo huisikia adhana kabla ya jogoo. Ongeza makanisa ya Kiafrika ya Legio Maria, Nomiya, Roho na African Israel, Wapentekoste wa kila namna, na Waakorino waliohamia kutoka upande wa Nakuru. Askofu anayeiruhusu bodi yake imlazimishe mtoto wa jirani kuhudhuria misa ajue kuna bodi nyingine, vilima viwili mbele, inayomfanyia kondoo wake vilevile. Nimewasaidia wazazi wa pande zote. Mama Mkatoliki aliyeambiwa binti yake aimbe kwaya ya Sabato alilia machozi yaleyale ya mama Mwislamu aliyeambiwa binti yake avue hijabu.

Mnasema, na wakuu wa shule hunijibu hivyo mara nyingi: kama mzazi hapendi desturi za shule, amhamishe mtoto. Jibu hilo lilikuwa gumu kwa mzazi maskini tangu zamani. Sasa limekuwa gumu zaidi. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walioingia sekondari pevu Januari 2026 walipangiwa shule na Wizara kupitia mfumo wa kompyuta, kwa kuangalia alama, mkondo wa masomo na orodha ya shule walizopendekeza. Serikali ndiyo inayomtoa mtoto wa Mumias na kumlaza bwenini katika shule iliyofadhiliwa na kanisa asilolijua. Haiwezi kumpeleka kwa mkono wa kulia, kisha kwa mkono wa kushoto imwambie kwamba yeye peke yake ndiye aliyeamua.

Mheshimiwa Waziri, mahakama zetu zimeshaifanya sehemu kubwa ya kazi hii, na inasikitisha kuona jinsi kidogo ilivyofika kwenye ubao wa matangazo wa shule.

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliwapa Waadventista wa Sabato haki yao dhidi ya Wizara yako. Walikuwa wameshindwa Mahakama Kuu. Majaji wa rufaa walikubali kwamba kumlazimisha mwanafunzi Msabato kuingia darasani au kufanya mtihani kati ya machweo ya Ijumaa na machweo ya Jumamosi ni kumvunjia haki ya siku ya ibada. Haya si maoni yangu, ni hukumu. Hata hivyo, kila mwaka namwona baba wa bodaboda akipoteza siku nzima ya kazi, kwa kuwa mwanawe amerudishwa nyumbani kwa kukosa prepu ya Ijumaa jioni. Mwalimu mkuu hajasikia habari za hukumu hiyo, au ameisikia na anasubiri waraka kutoka juu. Baba huyo hana nakala ya kumwonyesha. Mimi ninayo, na nikiituma na mtoto shuleni naambiwa kwamba shule haiendeshwi na watu wa mtaani.

Mwaka 2019 Mahakama Kuu, Nairobi, Jaji Chacha Mwita, iliamua kwamba shule moja ya sekondari ilivunja Katiba ilipomfukuza msichana wa Kirastafari kwa sababu ya nywele zake. Urasta, jaji alisema, ni imani inayolindwa kama nyingine. Msichana huyo akarudi darasani na nywele zake.

Kuhusu hijabu mambo yalikwenda kwa mzunguko, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndipo penye upotoshaji mkubwa. Kesi ilitoka Isiolo, katika shule ya kutwa inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti. Wasichana Waislamu walitaka kuvaa kitambaa kichwani na suruali pamoja na sare. Kanisa likaenda mahakamani kuzuia, likashinda Mahakama Kuu mwaka 2015. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikaipindua hukumu hiyo kwa maelezo ambayo ningependa yasomwe katika kila mafunzo ya wakuu wa shule: kwamba kanuni ya sare inaweza kuonekana sawa kwa wote na bado ikamuumiza mmoja peke yake, na kwamba shule inapaswa kutafuta namna ya kumpa nafasi mwanafunzi huyo bila kuvuruga masomo ya wengine. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaiondoa hukumu ya rufaa. Kwa nini? Kwa sababu ombi la upande wa wanafunzi halikuwa limewasilishwa Mahakama Kuu kwa utaratibu unaotakiwa. Majaji hawakusema hijabu ni marufuku. Walisema swali hilo ni zito kwa taifa na wakaacha mlango wazi liletwe upya kwa njia sahihi.

Lakini shuleni huku kwetu habari iliyosambaa ni moja tu: Mahakama ya Juu imepiga marufuku hijabu. Nimesikia ikisemwa na mwalimu wa nidhamu mbele ya mama aliyesimama na binti yake, na mama yule akainamisha kichwa akaamini, kwa kuwa ni nani wa kubishana na mwalimu kuhusu Mahakama ya Juu? Pengo ambalo Mahakama iliacha limejazwa na uvumi. Wizara ndiyo inayopaswa kulijaza kwa kanuni.

Na huko Ahero, wazazi Mashahidi wa Yehova waliipeleka bodi ya shule ya msingi mahakamani Kisumu baada ya watoto wao kuadhibiwa kwa kutohudhuria ibada ya pamoja. Siingii katika hukumu. Ninachotaka mkione ni safari yenyewe. Jambo la watoto wa shule ya msingi kukaa darasani na kitabu wakati wenzao wako kwenye ibada lilihitaji mawakili, hati za kiapo na jaji wa Mahakama Kuu. Lingeweza kumalizwa na mwalimu mkuu kwa dakika kumi kama angekuwa na karatasi moja kutoka Wizarani inayomwambia afanye nini.

Namwelewa mwalimu mkuu. Ana wanafunzi elfu na zaidi, mabweni yaliyojaa, na kumbukumbu ya shule zilizochomwa moto. Anaogopa kwamba akimruhusu mmoja, kesho watajitokeza ishirini wenye dini mpya iliyozuka juzi bwenini. Anaogopa wazazi wa dhehebu kubwa watamlaumu kwa upendeleo. Anaogopa pia simu ya mfadhili. Hofu hizo ni za kweli na hazijibiwi kwa kumhubiria haki za binadamu. Zinajibiwa kwa utaratibu unaomlinda yeye pia: mzazi aandike mapema, wakati wa kusajili, kwamba mtoto wetu ni wa imani hii na inamtaka hili na lile, shule ijibu kwa maandishi, kinachowezekana kifanyike, na kisichowezekana kielezwe sababu. Kifungu cha 24 hakisemi uhuru hauna mipaka. Kinasema anayetaka kuuwekea mpaka ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba mpaka huo una sababu ya haki. Kitambaa cheupe kichwani kimemzuia nani kujifunza hesabu? Mwanafunzi anayesoma maktaba wakati wa misa amevuruga usalama gani? Lakini mwanafunzi akisema dini yake inamkataza kutibiwa malaria, hapo shule ina haki yote ya kukataa, maana Kifungu cha 53 kinaweka maslahi ya mtoto mbele ya kila kitu.

Ndiyo sababu nataka niseme na makanisa kuhusu upande wa pili wa jambo hili, upande ambao ninyi ndio wenye hofu.

Tangu Shakahola mwaka 2023, miili zaidi ya mia nne ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilipofukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, serikali imekuwa ikitafuta namna ya kudhibiti mashirika ya dini. Rais aliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, likatoa ripoti yake mwaka 2024, na pendekezo la sheria mpya likaanza kujadiliwa. Makanisa yamelalamika, na mimi nasimama nanyi katika sehemu kubwa ya malalamiko hayo. Kuwafungia watoto, kuwashindisha njaa, kuwapiga, kuwanyima shule na dawa ni makosa ya jinai tayari, chini ya Kanuni ya Adhabu na Sheria ya Watoto ya 2022. Mhubiri wa Shakahola alikuwa ameshakamatwa na kufikishwa mahakamani kabla ya makaburi kupatikana. Kilichokosekana ni maafisa wa kuitekeleza sheria iliyopo. Kuongeza sheria ya kuwapima wahubiri wote kwa vyeti hakungemwokoa mtoto hata mmoja kule msituni.

Huku kwetu tunalijua hili kuliko wengine. Serikali ya mkoloni iliipiga marufuku Dini ya Msambwa mwaka 1948 na kumpeleka kiongozi wake, Elijah Masinde, uhamishoni miaka mingi. Uhuru ulipopatikana ikasajiliwa, na mwaka 1968 serikali yetu wenyewe ikaipiga marufuku tena. Yohana Owalo alianzisha Nomiya, Zakayo Kivuli akaanzisha African Israel mwaka 1942, Simeo Ondeto akawa kiongozi wa Legio Maria. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angepita kama kanuni zilizopendekezwa na Mwanasheria Mkuu mwaka 2016, zikitaka wahubiri wawe na vyeti vya theolojia, zingekuwepo wakati wake. Mwaka ule Wakatoliki, Waprotestanti, Waevanjelisti na Waislamu walisimama pamoja hadi Rais akaagiza mashauriano mapya. Mlikuwa sahihi. Mliitetea haki ya mtu asiye na cheo wala cheti kumwabudu Mungu kama dhamiri inavyomwelekeza.

Mtu huyohuyo ana mtoto. Mtoto huyo yuko katika shule yenu, amevaa kilemba cha Kiroho au anashika Sabato au anaswali Ijumaa, na ndiye anayerudishwa nyumbani na barua isiyo na sababu. Uhuru wa dini si mwavuli unaofunguliwa tu mvua inapokunyeshea wewe. Kila mara bodi yenye wawakilishi wenu inapomlazimisha mtoto asali asivyoamini, mnampa Mwanasheria Mkuu hoja ya bure: kwamba hata makanisa yenyewe hayaamini kuwa imani ya mtu ni ya mtu.

Sasa niseme ninachoomba.

Mheshimiwa Waziri, toa kanuni chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi kuhusu dini shuleni, na usitosheke na mkutano mwingine wa wadau hotelini. Ziguse mambo yanayoleta ugomvi kweli: siku ya ibada, mavazi na nywele, ibada ya pamoja, chakula. Mwanafunzi Mwislamu wa bweni akifunga Ramadhani, jikoni pawe na uji wa daku na futari yake isimwagwe kwa kuwa saa ya chakula imepita. Ni sufuria moja na mpishi mmoja aliyeambiwa. Mitihani ya shule isipangwe Jumamosi ikiwa kuna Msabato katika darasa hilo na siku nyingine ipo. Ibada ya pamoja iwe ya hiari, na asiyehudhuria apewe mahali pa kukaa penye mwalimu, si kuchimba mashimo au kufyeka nyasi wakati wenzake wanaimba. Ziandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa maneno ambayo mzazi wa Nyalenda atayasoma bila wakili, na zibandikwe pale zinapobandikwa ratiba za karo.

Na juu ya yote, kuna jambo moja ambalo kama ungelifanya peke yake, ukaacha mengine yote, ningelala usingizi: mtoto asitolewe darasani wakati watu wazima wanabishana. Sheria yako yenyewe, sehemu ya 35, inataka mtoto na mzazi wasikilizwe kabla ya mwanafunzi kufukuzwa. Shule zetu zimejifunza kuikwepa kwa neno tamu, ‘arudi na mzazi’, ambalo halimfukuzi mtoto kwenye rekodi lakini linamweka nyumbani wiki mbili, tatu, mpaka mzazi apate nauli na mwalimu mkuu apate nafasi. Katika wiki hizo wenzake wamemaliza mada nzima ya kemia. Na akirudi, amerudi akijua kwamba imani ya nyumbani kwao ina bei, na bei hiyo hulipwa kwa masomo. Wengine huamua kuiacha imani. Wengine huamua kuiacha shule, hasa wasichana. Mzozo na uendelee kati ya mzazi na bodi hata mwaka mzima, mradi mtoto yuko kwenye dawati lake.

Wakurugenzi wa elimu wa kaunti, ninyi mko karibu kuliko Waziri. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mzazi haki ya kupewa sababu kwa maandishi anapochukuliwa hatua inayomuumiza. Agizeni kila shule iandike sababu kwenye barua ya kumrudisha mwanafunzi nyumbani, na nakala ifike kwenu. Hilo halihitaji Bunge wala bajeti. Mwalimu mkuu akilazimika kuandika kwa mkono wake kwamba amemrudisha msichana kwa kufunika kichwa, na kujua kwamba mkurugenzi ataisoma, barua nyingi hazitaandikwa.

Maaskofu, wachungaji na mashehe, ninawaomba muwaite wawakilishi wenu walioko kwenye bodi, muwasomee sehemu ya 27 yote, pamoja na mstari ule wa kulinda dini za wengine. Wengi waliteuliwa kwa kuwa ni waumini wazuri na hawajawahi kuambiwa sheria inawataka nini. Waambieni kwa sauti yenu. Mlei atamsikiliza askofu wake kuliko atakavyonisikiliza mimi na nakala zangu za hukumu.

Na wazazi mtakaoisoma barua hii, mjue kwamba mlango wa mahakama ni mpana kuliko mnavyoambiwa. Kifungu cha 22 kinamruhusu yeyote kufungua kesi ya haki zake, za mtoto wake au za kundi lake, na hakuna ada ya kuianzisha. Kanuni zilizotolewa na Jaji Mkuu Willy Mutunga mwaka 2013 zinairuhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida au ombi la mdomo. Jina la mtoto linaweza kufichwa kwa herufi, kama mahakama ilivyofanya katika kesi ya yule msichana wa Kirastafari. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya kitaifa kwa asiye na uwezo wa kulipa wakili. Mimi simhimizi mtu kukimbilia kesi. Hukumu huja mtoto akiwa ameshamaliza shule, na nimeona jinsi mwanafunzi anavyotazamwa na walimu baada ya jina la baba yake kutajwa kwenye redio. Lakini barua zikiendelea kuja bila sababu, muhula baada ya muhula, tutakwenda, na tutakwenda tukiwa Waislamu, Wasabato, Wakatoliki, Warasta na Mashahidi katika ombi moja.

Nakala ya barua hii naipeleka kwa mkono katika ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa Kaunti ya Kisumu, pamoja na nakala za hukumu nilizozitaja. Naomba igongwe muhuri wa kupokelewa, na naomba jibu kabla ya muhula ujao kufunguliwa, kwa maandishi.

Wako katika huduma ya jamii,
Mzazi na msaidizi wa kisheria, Manyatta, Kisumu